Halifax, Mji wa Bandari Kuu



Kabla sijaondoka Mombasa wengi wenu mliniambia, "Usitusahau huko uendako, utuandikie." Na mama mmoja mzee, jirani yetu pale Kengeleni, aliniagiza neno moja tu: "Utazame kama wana bahari kama yetu." Basi nimekwenda, nimetazama, nimerudi salama, na sasa natimiza ahadi yangu kwenu, na kwa mama yule pia, ambaye najua atasomewa gazeti hili na wajukuu wake.

Bahari kama yetu hawana. Maji ya Halifax ni ya rangi ya chuma, na baridi yake ni kali hata katika miezi ya joto. Mtu akitia mguu huutoa upesi kana kwamba ameutia motoni. Hakuna minazi wala mikoko, bali misonobari, na mawe ya kijivu yashukayo hata ukingoni mwa maji. Lakini bandari wanayo, tena bora mno, nayo ndiyo asili ya mambo yote nitakayowasimulia, mema na mabaya.

Safari yangu ilikuwa ya kumwangalia mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliye mwuguzi katika hospitali moja ya mji ule. Halifax ni mji mkuu wa jimbo la Nova Scotia, upande wa mashariki wa nchi ya Kanada, mahali ambapo bahari ya Atlantiki inaingia ndani ya nchi kavu. Msomaji wa Mombasa na akumbuke jinsi Kilindini inavyoingia bara, mpaka maji yakafunguka na kuwa mapana kule Port Reitz. Halifax ni vivyo hivyo. Kwanza kuna mlango mpana; kisha maji yanabanwa kati ya Halifax na mji wa ng'ambo uitwao Dartmouth, yakawa kama koo la chupa; na baada ya koo hilo yanafunguka tena, yakawa ziwa kubwa la maji ya chumvi, jina lake Bedford Basin. Humo meli nyingi mno zaweza kutia nanga pamoja, wala dhoruba ya nje isizifikie. Tena bandari hii haigandi barafu wakati wa baridi. Katika vita vya 1914 hata 1918, na tena katika vita vya 1939 hata 1945, meli za mizigo zilikusanyika mle, zikatoka kwa safu, zikilindwa na manowari, kwenda kuvuka Atlantiki mpaka Uingereza.

Wenyeji wa kwanza wa nchi ile ni watu wa kabila la Mi'kmaq. Wao waliita mahali pale Kjipuktuk, maana yake Bandari Kuu, na jina hilo lafaa kuliko jina la sasa, ambalo ni la bwana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa mkuu wa mambo ya biashara kule London. Mwaka 1749 Waingereza walimtuma Edward Cornwallis pamoja na watu wapata 2,500 waje kujenga mji, maana Wafaransa walikuwa na ngome yao kubwa ya Louisbourg katika pwani ile ile, na Waingereza walitaka kuwa na yao. Wenye nchi hawakuulizwa. Ilipotokea vita kati yao na wageni, Cornwallis akatoa amri mwaka ule ule kwamba mtu atakayemleta Mmi'kmaq mateka, au kuleta ngozi ya kichwa chake, atalipwa fedha. Neno hili si uvumi. Limeandikwa katika karatasi za serikali. Hata hivyo mwaka 1931 watu wa mji walimsimamishia Cornwallis sanamu ya shaba katika bustani karibu na stesheni ya reli, naye alisimama pale juu ya jiwe lake muda wa miaka zaidi ya 80. Ilipofika Januari 2018 halmashauri ya mji iliamua kumwondoa, akachukuliwa kwa winchi.

Siku yangu ya pili mpwa wangu alinipandisha juu ya kilima kilicho katikati ya mji, penye ngome. Ngome hiyo ina umbo la nyota, nayo ni ya nne kujengwa juu ya kilima kile. Ilianzwa mwaka 1828, ikamalizika mwaka 1856. Jambo la ajabu ni hili, kwamba haikushambuliwa hata mara moja. Gharama yote ile, na mahandaki yote yale, na adui hakuja. Chini kidogo ya ngome kuna mnara mweupe wenye saa, uliowekwa mwaka 1803. Ulijengwa kwa amri ya Mwana wa Mfalme, Edward, aliyekuwa mkuu wa askari pale, naye ndiye baba yake Malkia Victoria. Husemwa kwamba alichoka kuwangoja askari wake waliochelewa.

Nalisimama nikitazama meli chini, na mara mzinga ukalia nyuma yangu. Nawaambieni kweli, nalishika kichwa kwa mikono miwili. Mpwa wangu akacheka hata machozi yakamtoka. "Mjomba, usiogope," akasema, "hiyo ni saa sita tu." Kumbe mzinga ule hupigwa kila siku saa sita ya mchana, isipokuwa siku ya Krismasi, nao watu wa mji husahihisha saa zao kwa mlio wake. Watoto watakaosomewa habari hii watapenda kujua kwamba wanaoupiga ni vijana waliovaa nguo za askari wa zamani.

Tuliposhuka kilimani tulipita penye kanisa la St. Paul, lililojengwa mwaka 1750, yaani mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Ni jengo la mbao, jeupe, lenye mnara, nalo ndilo jengo la kale kuliko yote mjini. Ndani, juu ya mlango, tuliona kipande cha kiunzi cha dirisha kimechomeka ukutani, na watu wamekiacha vivyo hivyo. Nikauliza, "Mbona hawaling'oi hili?" Mpwa wangu akanijibu, "Hilo si dirisha la kanisa hili, Mjomba. Liliruka likaja." Tukaketi katika viti vya nyuma, akanisimulia habari ya tarehe 6 Desemba 1917.

Asubuhi hiyo merikebu ya Kifaransa, jina lake Mont-Blanc, ilikuwa ikiingia bandarini. Ilitoka New York, nayo ilijaa baruti za namna namna kwa ajili ya vita, na juu ya sitaha imepangwa mapipa ya mafuta yawakayo upesi. Haikutweka bendera nyekundu ya hatari, kwa kuwa iliogopa kujulikana na adui. Wakati huo huo merikebu ya Kinorwe, jina lake Imo, ilikuwa ikitoka Bedford Basin kwenda New York kupakia msaada kwa watu wa Ubelgiji waliokuwa na njaa. Zikakutana katika koo lile jembamba nililowaeleza. Zikapigiana honi, zisielewane. Imo ikaigonga Mont-Blanc ubavuni. Cheche zikaruka, mafuta yakashika moto. Mabaharia wa Mont-Blanc, ambao walijua ni nini iliyomo ndani, wakaingia katika mashua zao wakavuta makasia kwa nguvu zote kuelekea Dartmouth. Wote wakaokoka isipokuwa mmoja.

Merikebu ikaachwa ikiwaka, ikachukuliwa na maji polepole mpaka ikaegemea gati ya Halifax. Muda wa dakika kama ishirini moshi ulipanda juu, wenye rangi nyingi, nao ulikuwa wa kupendeza. Watu wakatoka nje kuutazama. Kina mama wakasimama madirishani na watoto wao mikononi, maana ilikuwa baridi. Hata ilipopata saa tatu na dakika nne, Mont-Blanc ikapasuka.

Sehemu yote ya kaskazini ya mji ikaanguka mara moja. Watu karibu 2,000 walikufa, na wapata 9,000 waliumia. Nyumba zaidi ya 1,600 zikavunjika kabisa. Kipande cha nanga ya merikebu, chenye uzito wa nusu tani, kiliruka juu ya mji mzima kikaangukia upande wa pili. Ng'ambo, kwenye ufuo wa Dartmouth, palikuwa na kijiji kidogo cha Wami'kmaq. Maji yalipanda yakakifagia, na kijiji hicho hakikujengwa tena.

Na wale waliosimama madirishani? Vioo viliwaingia machoni. Hapa mpwa wangu alinyamaza kidogo, maana kazi yake ni ya kuuguza, na mambo haya huyasikia kwa namna nyingine kuliko sisi. Akaniambia kwamba maelfu ya watu waliumia macho siku ile, wengine wakapofuka kabisa, nao madaktari walikata na kushona mchana na usiku bila kulala. Mwaka uliofuata, 1918, kilianzishwa chama cha kuwasaidia vipofu wa Kanada, kwa ajili yao hao na kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kesho yake baada ya mlipuko ikaja dhoruba ya theluji, ikawafunika waliokuwa wamelala chini ya mbao bado.

Jina moja hamtalikosa mkienda Halifax, nalo ni Vincent Coleman. Huyu alikuwa karani wa simu wa reli, na ofisi yake ilikuwa karibu na gati. Baharia mmoja aliwaonya kwamba merikebu ile ina baruti, naye akatoka akimbie. Kisha akakumbuka kwamba gari la moshi lenye abiria liko njiani laja. Akarudi, akaketi, akapiga simu ya kuyazuia magari yasije, naye akafa pale pale mezani pake. Kifaa chake cha simu na saa yake ya mfukoni vimehifadhiwa, na watoto wa shule huonyeshwa.

Na jambo jema nitalitaja pia, lisije likasahauliwa. Watu wa Boston, Marekani, walipopata habari, usiku ule ule walituma gari la moshi lenye madaktari na wauguzi na dawa, likapita katika theluji mpaka likafika. Mwaka 1918 watu wa Nova Scotia wakawapelekea mti mkubwa wa Krismasi kuwa shukrani. Na tangu mwaka 1971 huupeleka kila mwaka pasipo kukosa. Waliotenda wema ule wamekwisha kufa wote, na waliotendewa vile vile, lakini mti waenda.

Siku ya tatu tulikwenda makaburini. Mtanicheka, kwamba nimesafiri mbali hivyo kwenda kutazama makaburi; lakini mji wa bandari hujulikana kwa makaburi yake. Wengi wenu mmesikia habari ya meli Titanic, iliyogonga mwamba wa barafu ikazama tarehe 15 Aprili 1912. Merikebu za Halifax, zilizofanya kazi ya kutandika waya za simu chini ya bahari, ndizo zilizotumwa kuopoa maiti. Watu 150 wamezikwa Halifax, katika makaburi matatu. Na 121 kati yao wako mahali paitwapo Fairview Lawn, mawe yao yamepangwa kwa mstari uliopinda kama ubavu wa meli. Mawe mengine yana nambari na tarehe tu, bila jina.

Kuna jiwe moja kubwa kuliko mengine, na wageni huweka wanasesere juu yake. Ni kaburi la mtoto mdogo asiyejulikana ni wa nani. Mabaharia wa merikebu Mackay-Bennett, waliomtoa majini, walimlipia jiwe kwa fedha zao wenyewe. Miaka 95 ilipita. Na mwaka 2007, kwa ufundi wa kupima chembe za mwili, wataalamu wakamtambua kuwa Sidney Goodwin, mtoto wa Kiingereza wa miezi 19, aliyekuwa akienda Marekani na wazazi wake na ndugu zake watano. Hakuna hata mmoja wao aliyepona. Sasa jina lake limeandikwa pale.

Nalisimama pale kitambo, nikawasifu watu wa Halifax moyoni mwangu. Nikasema, huu ni mji usiosahau. Mpwa wangu akanitazama, kisha akasema, "Ni kweli, Mjomba. Lakini kesho nitakupeleka mahali pengine, ndipo utaniambia tena."

Wasomaji, hapa sina budi kurudi nyuma kidogo, ili mwelewe alikonipeleka.

Sisi wa Kengeleni twajua asili yetu. Bibi yake babu yangu alishushwa katika pwani ya Kisauni na manowari ya Waingereza, ametolewa katika jahazi la watumwa, akapewa mahali pa kukaa Frere Town. Tangu utoto tulifundishwa kwamba chini ya bendera ile ndipo penye uhuru. Basi nalipokuwa nikienda Halifax nalidhani kwamba watu weusi nitakaowaona kule watakuwa wageni wa juzi tu, kama mpwa wangu. Nalikosea sana. Watu weusi walikuwako Halifax tangu mwanzo wa mji, na wa kwanza walikuwa watumwa. Gazeti la kwanza la Kanada lilipigwa chapa pale mwaka 1752, na mwaka ule ule, katika kurasa zake, mfanyabiashara mmoja alitangaza watu wa kuuza. Mimi ninayeandika katika gazeti dogo kama hili nalisoma habari hiyo kwa aibu, kana kwamba ni jirani yangu aliyefanya.

Kisha walikuja wengine, nao walikuja kwa ahadi. Katika vita vya Wamarekani na mfalme wao, Waingereza walitangaza kwamba mtumwa atakayemkimbia bwana wake mwasi na kujiunga na upande wa mfalme atakuwa huru. Vita vilipokwisha mwaka 1783, watu weusi wapata 3,000 walichukuliwa kwa meli kwenda Nova Scotia, majina yao yameandikwa katika daftari. Waliahidiwa mashamba. Wengine hawakupewa kitu; wengine walipewa mawe na vinamasi, baada ya wazungu kuchagua kwanza. Mmoja wao, Thomas Peters, alivuka bahari mpaka London kwenda kupeleka malalamiko yao. Akasikilizwa; akatumwa afisa wa manowari, John Clarkson, awachukue wapendao kwenda Afrika. Tarehe 15 Januari 1792 meli 15 zilitweka tanga kutoka Halifax, na ndani yake watu karibu 1,200, wakaenda Sierra Leone wakajenga mji wa Freetown. Fikirini, ndugu zangu: watu waliokwisha kuokolewa, wakaondoka mahali pa wokovu wao kwa hiari yao, katikati ya majira ya baridi, kwa sababu ahadi haikutimizwa.

Baada yao waliletwa watu wa Jamaika waitwao Maroons, wapata 550, mwaka 1796. Hao walifanya kazi katika ngome ya kilima kile nilichopanda. Nao mwaka 1800 wakaenda Sierra Leone vile vile. Na baada ya vita vya mwaka 1812 wakaja wakimbizi wengine wapata 2,000. Wengi wa hao walibaki, na vizazi vyao viko mpaka leo.

Baadhi ya watu hawa walinunua ardhi kwa fedha zao kando ya Bedford Basin, upande wa kaskazini wa mji. Hati za kwanza ni za mwaka 1848, na mwaka 1849 wakajenga kanisa. Kijiji kikaitwa Africville. Wanaume walifanya kazi gatini na katika reli, wanawake wengi katika nyumba za watu. Watoto waliogelea na kuvua samaki mbele ya milango yao. Walilipa kodi kama wengine. Lakini mabomba ya maji hawakuletewa, wala taa za barabarani, wala njia haikutengenezwa. Walioletewa ni mambo ambayo mji haukuyataka karibu nao: reli ilipitishwa katikati ya kijiji, kisha pakawekwa gereza, na hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na machinjio, na mwisho, katika miaka ya 1950, jaa la taka za mji mzima likaletwa jirani na nyumba zao.

Kisha mji ukasema, "Mahali hapa ni pachafu, hapafai watu kukaa." Msomaji atapima mwenyewe ni nani aliyepachafua. Mwaka 1964 halmashauri ya mji iliamua kijiji kiondolewe. Watu walikuwa wapata 400. Aliyekuwa na hati alilipwa, na asiye na hati alipewa dola 500 tu, hata kama babu yake alizaliwa pale. Wengine walihamishwa kwa magari ya kuchukulia taka. Mwezi wa Novemba 1967, usiku, kanisa likavunjwa. Asubuhi waumini wakaamka, halipo. Nyumba ya mwisho ilibomolewa Januari 1970.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponipeleka siku ya nne. Tulipanda basi, kisha tukatembea kwa miguu. Ni uwanja wa majani unaoteremka mpaka majini, na juu yake daraja kubwa lavuka kwenda Dartmouth. Upepo ulikuwa mkali. Nikatambua kwamba tumesimama karibu na mwisho wa koo la bandari, mahali maji yanapofunguka. Imo ilipita hapa asubuhi ile ya 1917. Na pale katika uwanja pana kanisa dogo, jeupe, lenye mnara mfupi, peke yake.

Si lile la zamani. Tarehe 24 Februari 2010 meya wa mji alisimama mbele ya watu akawaomba radhi waliokuwa wenyeji wa Africville na wazao wao, na mji ukatoa ardhi na fedha ili kanisa lijengwe tena kwa mfano wa lile lililovunjwa. Likafunguliwa mwaka 2011, nalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Ndani kuna picha: mabibi katika kofia zao za Jumapili, watoto juu ya mawe ya pwani, nyumba zilizopakwa rangi, mbwa, kamba ya nguo. Nalitazama picha moja muda mrefu, maana kama si baridi iliyoonekana katika mavazi yao, ningesema ni watu wa kwetu wametoka ibadani. Kila mwaka, mwezi wa Julai, jamaa za Africville hurudi wakapiga hema katika uwanja ule, wakakaa siku kadha pamoja, wazee wakiwaonyesha wajukuu mahali nyumba ya fulani ilipokuwa. Desturi hii waliianza miaka ya 1980, kabla radhi haijaombwa.

Mpwa wangu aliniuliza kama bado nasema kwamba mji huu hausahau. Nalimjibu kwamba makaburi ya Titanic yalikumbukwa mara moja, kwa kuwa wafu hawadai kiwanja. Akanyamaza. Halafu akasema kwamba hata hivyo yeye ameona mabadiliko, wala hapendi niende nyumbani na lawama tupu. Akafungua mkoba akanionyesha noti ya dola 10. Juu yake ana sura ya mwanamke mweusi, Viola Desmond, mzaliwa wa Halifax, aliyekuwa na duka la kutengeneza nywele. Mwaka 1946, katika mji mwingine wa jimbo lile, aliketi katika thieta mahali palipokuwa pa wazungu. Akaburutwa nje, akalala gerezani, akatozwa faini kwa kisingizio cha kodi ya senti moja. Alikufa mwaka 1965. Serikali ya jimbo ilimfutia hatia mwaka 2010, na tangu 2018 sura yake iko katika noti, na kila mtu wa Kanada anunuaye mkate aweza kuishika. "Wamechelewa," mpwa wangu akasema, "lakini mimi humwangalia kila nikilipa."

Mlangoni kulikuwa na kitabu cha wageni. Mama mmoja mtu mzima, mtunzaji wa mahali pale, alinipa kalamu akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, pwani ya Afrika ya Mashariki, katika kijiji kilichojengwa na watu waliotolewa utumwani. Akauliza, "Nacho bado kipo?" Nikamwambia kipo, na kengele yao ipo, njia ya magari yapita kando yake. Akaitikia kwa kichwa, asiseme neno. Nikaandika jina langu, na chini yake, kwa herufi kubwa, KENGELENI.

Tulipotoka, meli kubwa ya makontena ilikuwa ikiingia polepole kutoka katika koo la bandari, ikienda kwenye gati lililo mbele kidogo ya uwanja ule. Mpwa wangu akanivuta mkono, akasema, "Twende, Mjomba, upepo huu utakuumiza kifua." Nikamwambia angoje kidogo, meli ipite.